Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Somo la kupanga njia za akiba kwa mlinzi wa mtandao. Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, na mwingine yeyote apendaye.

Wanafunzi wapenzi, methali hii mmeisikia tangu utotoni. Fisi alifika penye njia panda, akasikia harufu ya nyama upande wa kulia na harufu ya nyama upande wa kushoto. Akatia miguu miwili huku na miwili huku, akapasuka. Wazee walituhadithia hivyo ili kutuonya juu ya tamaa. Mimi leo nataka kuitumia kwa jambo jingine, nalo ni mtandao wa kompyuta na mlinzi wake. Fundi wa mtandao hana budi kuwa na njia mbili, maana mwenye njia moja ikikatika amekwama. Lakini akiwa nazo mbili bila ya kuzitungia sheria, yatampata ya fisi. Basi somo letu ni hili: jinsi ya kuwa na njia mbili pasipo kupasuka.

1. Mlinzi wa lango

Kila ofisi, hospitali, benki au shule iliyoungwa na intaneti ina lango, na katika lango hilo huwekwa chombo kiitwacho fayawoli. Yafaa kwanza tufahamu kazi yake. Habari katika mtandao hazipiti kama maji katika bomba. Hukatwa vipande vipande, na kila kipande ni kama barua yenye anwani ya mpelekaji na anwani ya mpelekewa. Fayawoli huzisoma anwani hizo, huzilinganisha na amri ilizopewa, kisha hupitisha au hukataa, kama askari wa getini.

Tena askari huyu ana daftari. Mtu wa ndani akiomba ukurasa wa gazeti, mlinzi huandika kwamba fulani ametoka kuzungumza na fulani. Jibu likirudi, hutazama daftari lake. Likiwa limeombwa, hupita; likiwa halikuombwa na mtu, hukataliwa. Lishikeni sana jambo la daftari, maana tutalirudia.

Sasa mnaona shida iliyopo. Kwa kuwa kila kitu lazima kipite mikononi mwa mlinzi, akianguka mlinzi kila kitu kimesimama. Chombo kilicholetwa kutulinda chaweza kuwa ndicho kitakachotukwamisha.

2. Siku niliyoaibika

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa fundi kijana katika ofisi moja ya mjini, ambayo sina haja ya kuitaja. Ofisi ile ilikuwa ikihakiki wazee wastaafu, na habari za kila mzee zilitafutwa kwa njia ya mtandao katika kompyuta iliyokuwa mbali. Niliagizwa kupanga mtandao usiokatika. Zikanunuliwa fayawoli mbili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Nikachora picha kwa rula, masanduku mawili na nyaya mbili, na mkubwa wangu akaisifu akaitundika ukutani.

Siku ya uhakiki wazee walijaa uani tangu alfajiri. Wengine walikuwa wamelala stendi, na nauli ya kurudi kwao ilikuwa imefungwa ncha ya kitambaa. Saa nne asubuhi mtu mmoja akachomeka birika la umeme apate kuchemsha chai. Umeme wa chumba kile ukakatika, na fayawoli zote mbili zikazimika mara moja, kwa sababu nilikuwa nimezichomeka katika ubao mmoja wa soketi, tena ubao ule ule wa birika. Chumba cha fyuzi kilikuwa kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Picha yangu ukutani ilikuwa na kila kitu isipokuwa umeme.

Yaliyofuata ndiyo makubwa zaidi. Karani mmoja aliwaonea huruma wale wazee. Akachukua modemu yake ya simu akaichomeka katika kompyuta ya ofisi, na kazi ikaendelea. Wazee wakahakikiwa wakaenda zao. Lakini modemu ile ilipita kando ya mlinzi, na ikasahauliwa pale pale. Siku chache baadaye kompyuta za ofisi nzima zilikuwa zimeingiwa na virusi.

Sikuweza kumlaumu karani. Alitenda yale ambayo mtu yeyote mwenye moyo angetenda. Mwenye kosa nilikuwa mimi, kwa kuwa sikumwekea njia ya akiba iliyo halali. Tangu siku ile nimejua kwamba njia ya akiba si anasa wala si jambo la kasi tu, bali ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Mlinzi asiye na akiba, siku atakapoanguka watu watamzunguka, na mlango watakaoutoboa siku ile hautazibwa tena upesi.

3. Hesabu yake

Wanahesabu watataka kuona tarakimu. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chombo fulani hufanya kazi asilimia 99 ya wakati. Mtu asiyefikiri atasema hiyo ni alama nzuri sana. Lakini asilimia moja iliyobaki ni saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu katika mwaka.

Vyombo vikifuatana mmoja baada ya mwingine kama pete za mnyororo, tunazidisha. Tukiwa na waya wa nje, swichi na fayawoli, kila kimoja 0.99, mnyororo mzima ni 0.99 × 0.99 × 0.99, yaani 0.9703 hivi. Hapo tunapoteza kama saa 260, karibu siku kumi na moja kwa mwaka. (Swichi ninayoitaja hapa si ile ya taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi ya kuchomekea nyaya, kigawacho mtandao kwa kompyuta.)

Sasa tuweke vyombo viwili sambamba, ili kimoja kikilala kingine kifanye kazi. Mtandao utakatika wakati vyote viwili vimelala tu. Kwa hiyo tunazidisha kulala kwao: 0.01 × 0.01 ni 0.0001. Kwa mwaka hiyo si saa moja kamili; ni kama dakika 53. Kutoka siku tatu na nusu hadi dakika 53! Hiyo ndiyo faida ya akiba.

Lakini angalieni sana. Hesabu hii ni ya kweli kwa sharti moja tu, kwamba kinachokiua chombo cha kwanza hakikigusi cha pili. Fayawoli zangu mbili zilikuwa juu ya ubao mmoja wa soketi, kwa hiyo kuzidisha kule hakukuwa na maana. Tena, tuseme njia zile mbili sambamba zote zapitia swichi moja ya 0.99. Jumla yake ni 0.9999 × 0.99, nayo ni 0.9899. Tumenunua mbili, tumelipa mbili, na bado twapoteza zaidi ya saa 88 kwa mwaka, karibu zote kwa sababu ya kile kisanduku kimoja. Kanuni ya kwanza ni hii: njia mbili zinazokutana mahali pamoja ni njia moja.

4. Njia mbili zilizo moja baharini

Msidhani kosa hili ni la mafundi wadogo tu. Tazameni pwani yetu ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya habari zetu za intaneti huenda ng'ambo kwa mikongo, yaani nyaya za kioo chembamba zinazopitisha mwanga, zilizolazwa chini ya bahari. Mwaka 2009 ilianza kazi mikongo ya SEACOM na TEAMS, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. TEAMS hutoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu. SEACOM na EASSy hupita pwani yetu, na kwa upande wa kusini hufika Afrika Kusini.

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili baharini, upande wa kusini karibu na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na Kenya, Uganda na jirani nyingine pia ziliona intaneti ikizorota. Fikirini basi juu ya ofisi iliyokuwa imenunua njia kwa kampuni mbili mbalimbali. Karatasini ilikuwa na njia mbili. Lakini kama kampuni ya kwanza ilipita katika EASSy na ya pili katika SEACOM, na mikongo hiyo miwili ikakatika siku moja, mbili zake zilikuwa moja. Jina la kampuni si njia. Njia ni waya, na waya una mahali unapopita. Kwa hiyo mwulizeni mwenye kuuza: waya huu waingia jengoni kwa upande gani? Wapita mtaro gani barabarani? Wafika bahari ipi na mkongo upi?

Mwezi wa Februari 2012 tulipata funzo jingine. Mkongo wa EASSy ulikatika katika Bahari ya Shamu, na shughuli nyingi zikahamishiwa TEAMS. Kabla ya matengenezo kwisha, nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Hapo twajifunza kwamba njia ya kwanza ikifa, ile ya akiba si akiba tena. Imekwisha kuwa njia pekee. Mtu asilale usingizi kwa sababu kazi inaendelea. Ndiyo saa ya kukimbilia matengenezo.

5. Jinsi ya kufunga nyaya

Chukueni penseli mchore. Juu ya karatasi andikeni Njia ya Kwanza na Njia ya Pili, zitokazo nje. Chini yake wekeni swichi mbili za nje. Kila njia iingie katika swichi yake. Chini ya swichi hizo wekeni fayawoli A na fayawoli B. Kila fayawoli ipeleke waya mmoja kwa swichi ya nje ya kwanza na waya mmoja kwa ya pili. Chini ya fayawoli wekeni swichi mbili za ndani, mfanye vile vile. Kisha zifungeni swichi za nje moja kwa nyingine, na za ndani kadhalika.

Sasa wekeni kidole juu ya chombo chochote kimoja, mkione kama kimefutwa. Je, bado mwaweza kufuata mstari toka juu hadi chini? Kama mwaweza, picha ni njema. Rudieni kwa kila chombo na kila waya. Jaribio hili la kidole halihitaji fedha, nalo lingaliniokoa mimi, kama ningalikumbuka kuchora na nyaya za umeme.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, swichi zikifungwa kwa mzunguko, kipande cha habari chaweza kuzunguka bila kikomo, kikazaa vingine, na mtandao wote ukasongwa. Dawa yake aliibuni mwanamke wa Marekani, Radia Perlman, mwaka 1985. Ni kanuni inayozifanya swichi zielewane zenyewe, zifunge baadhi ya njia mpaka mzunguko uwe kama mti wenye matawi, ambao hauna mahali pa kuzungukia. Tawi likivunjika, njia iliyofungwa hufunguliwa. Basi hakikisheni kanuni hiyo imewashwa.

Pili, yawezekana kuziunga nyaya mbili zifanye kazi kama waya mmoja mnene. Lakini kwa kawaida nyaya hizo zote lazima ziishie katika swichi moja, au katika swichi mbili zilizotengenezwa maalum kujifanya moja. Ukizipeleka katika swichi mbili zisizojuana, utapata matata. Kama swichi zako hazijuani, acha waya mmoja ufanye kazi na wa pili ungoje zamu yake.

6. Nani ashike lango?

Hapa ndipo anapoingia fisi. Tumeweka walinzi wawili, A na B. Nani afanye kazi? Mpango ulio mwepesi kuelewa ni huu: A hufanya kazi, na B hungoja. Kompyuta za ndani hazipewi anwani ya A wala ya B, bali hupewa anwani ya tatu, ya lango lenyewe, na anwani hiyo hushikwa na aliye zamuni. A akianguka, B huichukua, na watu wa ndani hawaambiwi neno. Mwaka 1998 ilichapishwa kanuni ya namna hiyo iitwayo VRRP, na watengenezaji wengi wana kanuni zao zinazofanana nayo.

B ajuaje kwamba A amekufa? A hutoa ishara kila mara, kama mapigo ya moyo. Katika VRRP desturi ni pigo moja kila sekunde. B akikosa mapigo kwa muda wa matatu hivi, hujua mwenzake hayupo, naye hushika lango. Kwa hiyo mapumziko huwa ni sekunde tatu au nne.

Lakini je, ikiwa A yu mzima, na kilichokatika ni ule waya wa mapigo tu? B hasikii kitu. Atasema A amekufa, naye atashika lango, hali A bado amelishika. Hapo lango lina mabwana wawili, kila mmoja akijibu kwa anwani ile ile, na barua zinapotea katikati. Huyo ndiye fisi wetu, mguu huku na mguu huku. Dawa yake ni kuyapitisha mapigo katika nyaya mbili zisizopita mahali pamoja, kwa mfano waya mmoja uende moja kwa moja toka A hadi B, na wa pili upite katika swichi za ndani. Tena iandikwe tangu mwanzo ni nani mkubwa, na mkubwa akipona arudi zamuni mara moja au angoje kwanza. Mimi hupenda angoje mpaka fundi amtazame, maana mgonjwa anayeamka na kuzimia kila dakika huwasumbua watu kuliko aliyelala moja kwa moja.

Sasa turudie lile daftari. B akishika zamu bila ya kuwa na daftari la A, majibu yote yanayorudi atayaona kama yasiyoombwa, naye atayakataa. Mazungumzo yote yaliyokuwa yakiendelea yatakatika. Kwa hiyo A hana budi kumnakilia B daftari lake kila wakati. Na kwa sababu iyo hiyo, msikubali barua zitokee kwa A na majibu yarudie kwa B, ila kama mmehakikisha kwamba wawili hao wana daftari moja.

Tena pimeni mzigo. Wapo wanaofanyisha kazi njia zote mbili kwa pamoja, kila moja ikibeba asilimia 60 ya nguvu yake. Moja ikikatika, iliyobaki itatakiwa ibebe 120, nayo haiwezi. Kila moja isizidi nusu, au ijulikane mapema ni kazi gani zitakazoachwa ili kazi za lazima zipite.

7. Taa ya kijani si ushahidi

Chombo cha mtandao kina taa ndogo inayowaka waya ukiwa mzima. Mafundi wengi huitazama wakaridhika. Lakini taa ile husema tu kwamba waya uendao hadi kisanduku cha pili ni mzima. Kama mtaro umechimbwa na mkongo umekatwa umbali wa kilomita arobaini, taa itaendelea kuwaka, na mlinzi ataendelea kupeleka barua katika njia iliyokufa. Kwa hiyo mwagizeni mlinzi aulize hali huko mbali kila sekunde chache: apeleke salamu kwa anwani iliyo mbali, angoje jibu. Tena aulize anwani mbili au tatu zisizohusiana, ili kompyuta moja ya mbali ikizimwa asidhani dunia yote imekatika.

8. Njia ya akiba nayo ilindwe

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni mtu kuweka njia ya akiba kwa haraka, akasema hii ni ya dharura tu, haihitaji sheria. Mlango wa mbele una askari na daftari. Mlango wa uani una komeo la kamba. Mwizi hatakwenda mbele. Basi amri zile zile zilizo katika njia ya kwanza ziwe katika ya pili, na siku mnapobadili moja mbadili na nyingine.

Viko pia vyombo vya ukaguzi ambavyo vikizimika huacha waya wazi, habari zipite bila kukaguliwa, na vingine vikizimika hufunga kabisa. Ipi ni bora? Hakuna jibu moja. Mlango wa bweni wakati wa moto yafaa uwe wazi, ila kasha la fedha yafaa libaki limefungwa. Fikirini mnalinda nini, mwamue mapema, mwandike. Msingoje kuamua siku ya moto.

9. Mlango wa fundi

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilinyamaza dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Chanzo chake hakikuwa mwizi. Katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri moja, nayo ikakata njia kuu zilizounganisha vituo vyao vyote. Walikuwa na nyaya nyingi na vyombo vingi vya akiba kuliko ambavyo sisi tutapata kuwa navyo. Lakini amri moja ilivigusa vyote. Tena mafundi walishindwa kurudisha mambo kwa haraka kutoka mbali, kwa kuwa vyombo vyao vya kutengenezea vilikuwa vimekatika pamoja na mtandao wenyewe. Ikawabidi waende kwa miguu yao katika vituo hivyo.

Funzo ni mawili. La kwanza, fundi awe na njia yake ya kufikia vyombo, isiyotegemea vyombo hivyo hivyo. Nayo ilindwe sana, maana ni ufunguo wa nyumba nzima. La pili, msibadili A na B kwa pamoja. Mbadili yule anayengoja, mmtazame, kisha mbadili mwenzake.

10. Jaribio la kila muhula

Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kila muhula, siku na saa iliyotangazwa, ng'oeni waya wa Njia ya Kwanza mhesabu sekunde. Urudisheni, mzime fayawoli A. Iwasheni, mzime swichi moja. Zimeni na umeme wa upande mmoja. Andikeni katika daftari: tarehe, kilichozimwa, muda uliopotea, na jina la aliyesimamia. Ni afadhali mgundue kosa siku ya Jumamosi mkiwa na bisibisi mkononi kuliko siku ya kupeleka majina ya watahiniwa.

11. Kama fedha ni kidogo

Huenda mtu akauliza: mwalimu, shule kama yetu itapata wapi fayawoli mbili na swichi nne? Hili ni swali la haki. Nami nashauri utaratibu huu. Kwanza umeme: betri ya akiba, na soketi zisizochangiwa na birika, na ufunguo wa chumba cha fyuzi uwe kwa watu wawili. Pili, nakala ya amri zote za mlinzi iwekwe mahali salama nje ya mlinzi mwenyewe, ili chombo kikiungua kipya kifundishwe kwa dakika chache. Tatu, njia ya pili iliyo ya namna nyingine, kama ile ya kwanza ni mkongo, ya pili iwe ya mtandao wa simu. Nayo ipite kwa mlinzi, si kando yake. Ulizeni pia kama mnara huo wa simu nao hautegemei mkongo ule ule. Nne, swichi ya ziada kabatini. Tano, fedha zikipatikana, fayawoli ya pili.

Na jambo moja halina gharama hata kidogo. Waambieni makarani na walimu wote, kwa maandishi, kwamba mtandao ukikatika wafanye nini na wamwite nani. Karani wangu yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameambiwa neno. Wengi wenu baada ya miaka michache mtakuwa nyuma ya meza, na mbele yenu patakuwa na foleni ya watu waliolala stendi. Siku mtakapoambiwa mpange mtandao, choreni picha, na mkumbuke kuchora umeme.

Maswali

1. Fafanua maneno haya: "Njia mbili zinazokutana mahali pamoja ni njia moja." Toa mfano mmoja kutoka katika shule hii.

2. Chombo kimoja hufanya kazi asilimia 98 ya wakati. Viwili vya namna hiyo vikiwekwa sambamba, bila kuchangia kitu, mtandao utakatika kwa saa ngapi katika mwaka wa siku 365? Onyesha kazi yako.

3. Eleza kwa nini B akishika zamu bila daftari la A, mazungumzo hukatika hata kama nyaya zote ni nzima.

4. Njia zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza inabeba asilimia 45 ya nguvu yake, na ya pili, yenye nguvu sawa, inabeba asilimia 70. Je, moja ikikatika nyingine itatosha? Ungeshauri nini?

5. Nendeni wawili wawili katika chumba cha kompyuta, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Fuateni kila waya, wa habari na wa umeme, tangu unapoingia jengoni hadi kompyuta ya mwisho. Uchoreni, mfanye jaribio la kidole, mniletee orodha ya kila chombo ambacho kikifutwa, mstari unakatika. Orodha iliyo ndefu na ya kweli ndiyo itakayopata alama.